Raba za Madirisha ya Gari la Marehemu Baba



Katika nyumba nyingi za mwambao wetu mna kitu cha marehemu ambacho hapana aliye na moyo wa kukiuza, wala aliye na wasaa wa kukitunza. Pengine ni cherehani ya bibi, pengine ni kasha la njumu, pengine ni kitanda cha samadari ambacho miguu yake imekwisha kuliwa na mchwa. Kwetu sisi kilikuwa ni gari: Peugeot 504 ya mwili mrefu, yenye safu 3 za viti, aliyoiendesha marehemu baba yetu kwa zaidi ya miaka 20. Alipotangulia mbele ya haki, gari lilisalia uani kwetu Kisauni, chini ya mwarobaini, likanyeshewa masika mawili.

Asubuhi moja, baada ya mvua ya usiku kucha, Mama aliufungua mlango wa mbele akitafuta karatasi za zamani za bima. Alipotia mguu ndani, zulia lilitoa maji mfano wa sifongo. Harufu ya ukungu ikamrudisha nyuma. Tasbihi ya Baba, iliyokuwa ikining'inia kwenye kioo cha kutazamia nyuma, ilikuwa imeota weupe kwenye uzi wake. Mama aliufunga mlango, akaja akaketi barazani, wala hakusema neno hadi adhuhuri.

Jioni ile tuliitana sisi watoto wake wanne. Kaka yetu mkubwa alitoa rai kwamba gari liuzwe kwa wanunuzi wa vyuma chakavu kabla sakafu yake haijaoza yote. Hakuwa na ubaya; ndiye aliyekuwa akiubeba mzigo mkubwa wa matumizi ya nyumba, na gari bovu ni mdomo usioshiba. Mama alimsikiliza hadi mwisho, kisha akasema, "Baba yenu hakulilaza gari hili hata usiku mmoja na dirisha wazi. Sasa linalala wazi kila siku, nasi tumelala pakavu."

Kabla ya kuligusa, tulifanya jambo moja ambalo tunaliusia kwa kila nyumba. Gari la marehemu ni mali ya mirathi, si mali ya aliye na ufunguo. Baada ya madeni kulipwa, tulimwita fundi asiye wa ukoo wetu alithamini katika hali yake ile ile mbovu. Thumni ya Mama ikahesabiwa, na mafungu yetu yakahesabiwa. Wawili kati yetu tukalichukua gari kuwa sehemu ya fungu letu, na wengine wakapewa haki yao kwa fedha. Hivyo kila shilingi iliyotumika baadaye ilitoka mfukoni mwa mwenye gari, na hapakuwa na wa kunung'unika.

Kisha tukaanza kutafuta raba.

Chuma hudumu, raba hufa

Peugeot 504 ilitoka mara ya kwanza nchini Ufaransa mwaka wa 1968, na kwa mwaka wa 1969 ikatunukiwa cheo cha Gari la Mwaka barani Ulaya. Hapa kwetu sifa yake ilijengwa na barabara mbovu. Mwaka wa 1975 Ove Andersson alishinda Safari Rally akiendesha 504, na mwaka wa 1978 Jean-Pierre Nicolas akashinda kwa 504 ya milango miwili. Lakini watu wazima wataikumbuka zaidi ile ndefu, iliyokuwa ikichukua abiria baina ya mji na mji. Magari haya yaliunganishwa hapa nchini Kenya hadi mwaka wa 2004, na huko Kaduna, Nigeria, kiwanda kiliendelea kuyatoa hadi miaka hiyo hiyo ya 2000. Ndiyo maana spea za injini yake bado hupatikana kwa anayezitafuta kwa subira.

Raba za madirisha ni hadithi nyingine. Mpira wa asili, utokanao na utomvu wa mti, una maadui watatu: mionzi ya jua, joto, na hewa ya ozoni. Hupoteza ulaini wake, ukaingia nyufa ndogo ndogo, hasa pale ulipokunjwa au ulipovutwa. Katika mji kama Mombasa, ambako gari hupikwa na jua mchana na kufunikwa na unyevu wa bahari usiku, raba huzeeka upesi. Na raba ikishakufa, maji hupata njia, na maji yakishapata njia, chuma hakina budi kushika kutu. Kitu cha bei ndogo hukiua kitu cha bei kubwa.

Tulipolichungua gari letu tuligundua kuwa linalosemwa kwa jina moja la "raba ya dirisha" kwa hakika ni vitu vinne. Cha kwanza ni raba nene, yenye uwazi ndani, inayouzunguka mlango na kubanwa mlango unapofungwa. Cha pili ni mfereji ambamo kioo hupanda na kushuka. Una umbo la herufi U na ndani yake umefunikwa nyuzi laini kama mahameli, ili kioo kiteleze bila kukwaruzwa. Cha tatu ni mikanda miwili ya kupangusa kioo, mmoja nje na mmoja ndani, pale kioo kinapozama mlangoni. Cha nne ni raba ya kioo cha mbele na cha nyuma, yenye mifereji miwili: mmoja hushika kioo na wa pili hushika bati la gari. Kila kimoja kina kazi yake, na hakuna kimoja kinachoweza kuifanya kazi ya mwenziwe.

Kosa letu la kwanza

Haya yote hatukuyajua tulipoanza. Mmoja wetu alikwenda katika duka la spea, akataja jina la gari, akauziwa mafungu ya raba mpya zinazong'aa. Tulizipachika siku ya Jumamosi kwa furaha kubwa. Hadi magharibi mlango wa dereva ulikuwa haukubali kufungwa ila kwa kupigwa bega, na kioo cha nyuma kilikwama katikati, hakipandi wala hakishuki. Raba ilikuwa imezidi unene kwa milimita 2 tu. Muuzaji alikataa kuzirudisha kwa kuwa tulikuwa tumekwisha kuzikata. Fedha ile ikapotea, na kaka yetu mkubwa, kwa adabu yake, akatazama pembeni.

Tukamwendea fundi mmoja mzee wa bodi, mtu aliyeanza kazi hii angali kijana. Aliitazama kazi yetu, akatabasamu, akasema, "Raba hainunuliwi kwa jina la gari. Hununuliwa kwa kipimo." Akatueleza kwamba gari la umri ule huenda lilikwisha kugongwa na kunyooshwa, kubadilishwa mlango, na kupakwa rangi mara tatu. Jina lililoandikwa nyuma limebaki lile lile, lakini nafasi iliyo baina ya mlango na fremu yake imebadilika. Kisha akatuuliza swali lililotutia haya: "Mnajua maji yanaingilia wapi?"

Hatukujua. Tulidhani tu.

Mama na kata ya maji

Tulipomsimulia Mama swali hilo, aliondoka akaleta ndoo na kata. "Paa likivuja," alisema, "hulitafuti tundu kwa kumwagia nyumba nzima maji. Anzeni chini, mpande polepole." Mmoja wetu aliingia garini na tochi, milango ikafungwa, na Mama akaanza kumimina kata moja moja: kwanza chini ya mlango, akangoja; kisha usawa wa kitasa, akangoja; kisha ukingo wa kioo; na mwisho paa. Ukianzia juu, maji huteremka kila mahali, na hutajua kamwe ni tundu lipi lililoyaingiza.

Ilituchukua muda wa baina ya adhuhuri na alasiri, na tuliyoyaona yalitushangaza. Upande wa kulia maji yaliingia pale pale tulipodhani, katika raba za mlango zilizopasuka. Mbele yalipenya kwenye pembe moja ya chini ya kioo. Lakini upande wa kushoto, ambako zulia lilikuwa limeloa kuliko kwingine kote, raba ya mlango ilikuwa bado nzima. Maji yalikuwa yakitoka ndani ya mlango wenyewe.

Fundi alitufafanulia siri hiyo, nayo ni ya magari mengi, si ya Peugeot peke yake. Mikanda inayopangusa kioo haikuundwa kuzuia kila tone. Maji kidogo huruhusiwa kuteremka ndani ya mlango, kisha hutoka kwa vitundu vidogo vilivyo chini yake. Nyuma ya ubao wa ndani wa mlango huwekwa karatasi ya nailoni ili maji hayo yasiingie chumbani mwa gari. Vitundu vyetu vilikuwa vimezibwa na majani ya mwarobaini yaliyooza na kuwa tope, na nailoni ilikuwa imechanika. Mlango ulijaa maji kama mtungi, ukayafurikisha zuliani.

Dawa ya upande ule ilikuwa kipande cha waya na karatasi mpya ya nailoni. Lau tungalinunua raba za gari zima, tungalitumia fedha nyingi na zulia lingaliendelea kuloa.

Kipimo cha fundi wa cherehani

Dada yetu wa pili ni mshoni. Yeye ndiye aliyeichukua kazi ya vipimo, na tangu siku hiyo hatukununua tena raba isiyolingana.

Aliufungua mlango akatafuta kipande cha raba ya zamani katika ukingo wa chini, ambako jua halikufika na umbo lilikuwa bado halijaharibika. Akakata kipande cha sentimita 2 kwa wembe mpya, akakisimamisha juu ya karatasi ya miraba kutoka katika daftari la hesabu la mwanawe, akakizungushia penseli iliyochongwa vizuri. Hapo umbo lote lilionekana: upana, kimo, ukubwa wa uwazi wa ndani, na mdomo unaouma bati. Akapiga picha akiwa ameweka rula kando yake. Picha isiyo na rula, alisema, ni sawa na kumtumia mshoni picha ya kanzu bila ya kipimo cha bega.

Ikabaki kujua raba mpya inapaswa kujaza nafasi kiasi gani. Alifanya vidonge vya unga wa chapati, akavifunga katika nailoni nyembamba, akavibandika sehemu sita za fremu, kisha akaufunga mlango taratibu. Alipoufungua, kila kidonge kilikuwa kimebanwa kwa unene wa nafasi iliyopo. Karibu na bawaba kilikuwa milimita 9; karibu na kitasa kilikuwa 12. Mlango ulikuwa umelala. Fundi akazikaza bawaba kwanza, kwa sababu raba haimponyi mlango aliyelegea, akapenda kusema hivyo kana kwamba mlango ni mgonjwa wake. Tulipopima tena tofauti ilikuwa imekaribia kwisha.

Kutafuta

Raba ya kuzunguka milango hatukuipata katika maduka ya spea za magari madogo. Tuliipata kwa wauzaji wanaowahudumia mafundi wa kuunda bodi za mabasi na matatu, ambao huuza kwa mita. Walituwekea mezani maumbo mengi, na mchoro wa dada ukalinganishwa na kila moja hadi likapatikana lililokubali. Mlango mmoja ulitaka takriban mita 3 na nusu. Tuliuliza kama ni mpira wa aina ya EPDM, ambao hustahimili jua na ozoni kuliko ule wa asili, na hilo ni swali ambalo kila mnunuzi anapaswa kuliuliza.

Mikanda ya kupangusa kioo, jamaa yetu aliitafuta Nairobi katika barabara ya Kirinyaga, ambayo wengi hadi leo huiita Grogan. Aliipata, ikiwa bado katika mfuko wake wa asili, ya muundo hasa wa 504. Alipoikunja kidogo kwa vidole, nyufa zikajitokeza juu ya ngozi yake. Raba iliyokaa rafuni miaka mingi huzeeka hata kama haijaonja jua. Aliirudisha kwa shukrani, akaendelea na safari yake, na katika duka la nne akapata iliyo laini.

Mfereji wa mahameli ndio uliotuchosha. Huko Ufaransa ipo jumuiya iitwayo L'Aventure Peugeot, ambayo huhifadhi historia ya magari haya na ambayo jumba lake la makumbusho lilifunguliwa Sochaux mwaka wa 1988. Huuza pia spea za magari ya zamani. Vilevile Ulaya wapo wafanyabiashara wauzao mifereji ya namna hii kwa mita. Tulipeleka mchoro, vipimo na picha yenye rula. Jamaa yetu aishiye huko alitununulia, naye tukamsihi jambo moja: aiviringe kwa duara pana, asiikunje, kwa sababu mfereji uliokunjwa safarini hubaki na kovu ambalo kioo hulikwama.

Kupachika

Kaka yetu mkubwa alikuja Ijumaa moja baada ya swala, akiwa angali na kanzu. Tulidhani amekuja kumwamkia Mama. Tulipotoka uani tulimkuta amekunja mikono, amepiga magoti kando ya mlango wa nyuma, akizibua vitundu kwa waya. Hakuna aliyesema lolote. Dada alimletea leso ya kupigia magoti.

Kazi yenyewe ilikwenda kwa utaratibu. Gundi kavu iliparuzwa, kutu ikasuguliwa hadi chuma kikaonekana, kisha rangi ya kuzuia kutu ikapakwa na kuachwa ikauke sawasawa. Raba iliachwa juani kidogo ilainike. Ilisukumwa katika nafasi yake bila kuvutwa, kwa kuwa raba iliyovutwa siku ya kupachikwa hurudi nyuma baadaye, ikaacha pengo na kupasuka mapema. Tuliikata ikiwa imezidi milimita chache, tukaibana hadi ncha zikakutana, na kiungo tukakiweka chini ya mlango. Pembe za mfereji wa kioo dada alizikata kwa mshazari wa nyuzi 45, kama akatavyo pembe za kitambaa cha meza, akaziunga kwa gundi.

Mwisho tulijaribu kwa kipande cha karatasi. Unakiweka baina ya mlango na fremu, unafunga mlango, kisha unakivuta. Kikitoka bila kushikwa, pale pana pengo. Kikikataa hata kukatika, pale pamebanwa kupita kiasi. Tulilizunguka gari lote hivyo. Kwa kulainisha tulitumia silikoni peke yake. Grisi na mafuta ya taa huivimbisha raba ya EPDM na kuiharibu, na mafuta ya nazi hukusanya vumbi, hata yakiwa yamekamuliwa nyumbani.

Njia ya Malindi

Idd iliangukia mwanzoni mwa masika. Kila Idd ya uhai wa Baba tulikuwa tukienda Malindi kumwona mama mkubwa, dada yake Mama, ambaye sasa miguu haimruhusu kusafiri. Mama alikaa mbele, upande wa kushoto, pale pale alipokuwa akikaa, akiwa amepakata sinia ya halua na kaimati.

Tulipolivuka daraja la Kilifi mbingu zilifunguka. Mvua ilipiga kioo hata dereva akapunguza mwendo, na watoto wa nyuma wakanyamaza. Kwa muda mrefu hapakusikika ila mvua na injini. Kisha tulimwona Mama ameinama. Alikuwa amevua kiatu, akaupitisha wayo wake juu ya zulia, mbele na nyuma, akitafuta maji. Hakuyapata.

"Kavu," alisema, na akakivaa kiatu chake.

Karibu na Gede, mmoja wa wajukuu katika safu ya tatu alipiga kelele kwamba tone limemwangukia shingoni. Kaka yetu mkubwa, aliyekuwa ameshika usukani, akacheka. "Hilo la nyuma tutalipima tukirudi," alisema. Mama akauliza kama ndoo na kata vimo garini.

Mola amrehemu baba yetu na wazee wetu wote waliotangulia, na atujaalie kuzitunza amana walizotuachia.